Pai Yetu Ni ya Tarehe 22 Julai

Kila Machi 14 simu yangu hujaa picha za pai. Za tufaha, za cheri, zingine zimewekwa ile alama ya π juu kabisa. Wamarekani wanasherehekea Siku ya Pai, na siku hizi hata wasee wa Nairobi wanaposti. Sina shida na sherehe. Shida yangu ni tarehe.

Wacha niwape stori yenyewe. Mwaka wa 1988, Larry Shaw, mwanafizikia aliyefanya kazi kwa jumba la sayansi linaloitwa Exploratorium, kule San Francisco, aliona kitu. Wamarekani huandika mwezi kwanza, halafu siku. Kwa hivyo Machi 14 ni 3/14, na 3.14 ndiyo mwanzo wa pai, ile namba unayopata ukigawa mzunguko wa duara kwa upana wake. Kwa Kiingereza jina la namba na jina la chakula hutamkwa sawa. Basi akaweka meza ya pai za matunda na chai, wafanyakazi wenzake wakala kuanzia saa 1:59 yao ya mchana, juu pai inaendelea hivi: 3.14159.

Hiyo tu. Meza moja, chai, na utani mzuri. Mwaka wa 2009 Bunge la Wawakilishi la Marekani likaitambua siku hiyo. Mwaka wa 2019 UNESCO ikatangaza Machi 14 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati.

Sasa leta huo utani Kenya uone. Sisi huandika siku kwanza: 14/3. Ukitaka 3/14 unahitaji mwezi wa kumi na nne. Ukijaribu 31/4, Aprili haina siku 31. Na ile saa 1:59 ya mchana? Kwa Kiswahili ni saa saba na dakika 59. Utani wote umekufa mlangoni.

Lakini kuna tarehe moja ambayo ni yetu kabisa: 22/7. Nani amesoma hapa kwetu na hajawahi kuambiwa achukue pai kuwa 22/7? Ndiyo maana nusu kipenyo kwa mtihani huwa 7, 14 ama 21, ndio saba ikatike vizuri. Hata kuna watu duniani huadhimisha Julai 22 kama siku ya pai ya kukadiria, lakini nani huwaposti?

Mimi nilimaliza shule nikiamini pai ni 22/7, nukta. Kumbe ni makadirio. Archimedes wa Syracuse, karne ya 3 kabla ya Kristo, alibana duara katikati ya maumbo mawili yenye pande 96, moja ndani na moja nje, akaonyesha kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7. Na kabla yake, Afrika ilikuwa ishaanza. Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili hesabu kwenye mafunjo: duara lenye upana wa 9 lina eneo sawa na mraba wenye upande wa 8. Piga hiyo hesabu, utapata pai ya karibu 3.16. Leo hayo mafunjo yako kwa jumba la makumbusho London.

Na kuna hii ya kuwanyamazisha watu wa Machi: 22/7 ni 3.1428, pai yenyewe ni 3.1415. Ukipima tofauti, 22/7 iko karibu na ukweli kuliko 3.14.

Mbona najali? Juu najua watu wengi wenye akili walioamua kwamba hesabu si yao. Shuleni tulipewa namba, hatukupewa stori. Hatukuambiwa kwamba kuna mtu alihangaika na duara hadi akaipata, na kwamba mmoja wao alikuwa wa bara hili. Ukipewa namba bila stori, unakariri, unafanya mtihani, unasahau.

Kwa hivyo Julai 22 napika pai. Si ya nyama, tumezoea hiyo. Embe si msimu wake Julai, lakini nanasi lipo. Likate vipande vidogo, lichemshe na sukari na mdalasini hadi maji yakauke, la sivyo pai yako italoa chini. Unga wa ngano, siagi, maji baridi kidogo, chumvi kiasi. Huna ovena? Sufuria nzito juu ya jiko, makaa kidogo chini, mengine juu ya kifuniko. Watu wameoka keki hivyo miaka mingi.

Lakini kabla ya kukata, chukua uzi. Zungusha pai, pima uzi huo kwa rula, halafu ugawe kwa upana wa pai. Kama upana ni sentimita 21, uzi utakuja karibu 66. Mpe mdogo wako afanye mwenyewe. Jaribuni na kifuniko, na sahani, na ndoo. Kila mara mtapata tatu na kitu kidogo.

Na kwa Kiswahili hatuhitaji hata kucheza na matamshi. Namba ni pai, chakula ni pai. Tunaandika sawa.