Hisabati bado yashika mlango wa shahada ya biashara

Kila mwaka KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, inapofungua maombi, saiba za Ogembo, kaunti ya Kisii, hujaa vijana. Mmoja huingiza nambari yake ya mtihani, akachagua Usimamizi wa Biashara, na kompyuta ikamkatalia papo hapo. Gredi ya wastani anayo, C+. Kilichomwangusha ni Hisabati, kwa kuwa vyuo vingi hudai angalau C katika somo hilo.

Masharti haya yamebadilika mara nyingi. Wazee waliosoma kabla ya mfumo wa 8-4-4 walipita kidato cha tano na sita, na shahada ya biashara ikachukua miaka 3. KCSE ya kwanza, mtihani wa kidato cha nne, ilifanywa 1989. Mwaka uliofuata vyuo vikapokea vijana kutoka kidato cha nne, kwa masomo ya miaka 4. C+ ikawa kiwango cha chini, lakini JAB, bodi iliyogawa nafasi za vyuo vikuu wakati huo, iliita wachache tu kulingana na nafasi za mabweni. Wengi walioipata C+ walibaki nyumbani.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanaojilipia karo, na vyuo vingine vikafuata. Aliyekosa gredi alianzia stashahada, akapanda hadi shahada. Kwa watu wa Ogembo safari ilifupika zaidi Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza 1965 kama chuo cha walimu, kilipopewa hati yake 2013.

Mageuzi makubwa yaliyofuata yaliongozwa na mawaziri wa elimu kutoka Gusii. Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, aliziba mianya ya wizi wa mitihani 2016. Waliopata C+ na zaidi wakashuka kutoka 169,492 mwaka 2015 hadi 88,929, na kozi za kujilipia zikakosa wanafunzi. Mwaka 2023 Ezekiel Machogu wa Kisii alilegeza ukokotoaji wa gredi: Hisabati, lugha moja na masomo mengine 5 bora. Mwaka huo 201,133 walifikia C+.

Hapo ndipo wengi hupotea. Gredi ya wastani ililegezwa, masharti ya kozi hayakulegezwa. Kijana anaweza kufika C+ kwa nguvu ya Historia na Dini, halafu D ya Hisabati ikamfungia biashara.

Sasa mtaala wa CBE, unaochukua nafasi ya 8-4-4, umefika Gredi ya 10, Januari 2026. Hisabati ni ya lazima kwa viwango viwili, na wasiosomea sayansi huchukua kile chepesi. Kundi hilo litagonga milango ya vyuo 2029. Vyuo vikuu vitangaze mapema ni Hisabati ipi vitakayokubali kwa kozi za biashara. Na mzazi wa Ogembo, kabla mwanao hajachagua masomo, uliza masharti ya kozi anayoitaka. Usingoje matokeo.