Umemaliza Kulipa Nduthi? Hapo Ndio Hesabu Inaanza: Uchakavu, Riba na Bondi

Msee wa nduthi Machakos mjini akimaliza mkopo, siku hiyo steji nzima inajua. Logibuku imerudi, hakuna mtu wa kumpigia simu kila Ijumaa, doo yote ni yake. Miaka miwili baadaye injini inakohoa akipanda mlima na anarudi kwa ofisi ile ile kuomba mkopo mwingine. Si ati alikuwa mlevi. Ni hesabu moja hakuna mtu alimwonyesha.

Tushike mfano, nawe uweke namba zako. Nduthi ni 180,000. Ulitoa dipoziti ya 30,000, ukakopa 150,000 kwa miezi 18.

Hiyo nduthi wahasibu huiita mali ya kudumu: kitu unanunua leo kikuzalishie zaidi ya mwaka mmoja. Petroli siyo, juu inaisha leo leo, kwa hivyo unaiandika matumizi ya leo. Nduthi unaigawanya. Tuseme itapiga kazi miaka 3, halafu uiuze 30,000. Imekula 150,000 kwa miezi 36, yaani 4,167 kila mwezi. Huo ndio uchakavu. Hakuna mtu anakuja kuuchukua mkononi, na ndio maana watu huusahau. (Ploti yako ya Kyumbi haiandikiwi uchakavu, juu ardhi haizeeki. Lakini kibanda ukijenga juu yake, hicho kinazeeka.)

Sasa riba. Ukiambiwa "asilimia 2 kwa mwezi", usiseme sawa bado. Uliza: asilimia 2 ya nini?

Ikiwa ni flati, unatozwa 2% ya ile 150,000 ya kwanza mpaka mwisho, hata ukiwa umebakisha deni la thao kumi. Ni 3,000 mara 18: riba 54,000, na kila mwezi unatoa 11,333. Ikiwa ni ya salio linalopungua, mwezi wa kwanza riba ni 3,000, wa pili inashuka hadi 2,860 hivi, na inaendelea kushuka vile deni linashuka. Unalipa kama 10,005 kwa mwezi, na riba yote haifiki 31,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni karibu 24,000. Hiyo ni tairi, bima na karo ya mtoto, mazee, na imeenda kwa neno moja kwa fomu.

Turudi kwa msee wetu wa flati. Kila mwezi, mafuta, servisi na bima zikitoka, anabaki na 20,000. Akilipa 11,333, mfukoni kuna 8,667. Anajiona amesota. Lakini kwa vitabu, faida yake si 8,667. Kati ya ile 11,333, gharama ni riba peke yake, 3,000. Ile 8,333 nyingine ni kupunguza deni, yaani anajinunulia nduthi pole pole. Toa riba, toa uchakavu, faida ni 12,833. Anaishi chini ya faida yake na hajui.

Mwezi wa 19 mambo yanageuka. Mkopo umeisha, mfukoni kuna 20,000, na anakula 20,000. Faida ya kweli ni 15,833, juu uchakavu haukuisha na mkopo. Ile 4,167 ya juu anakula nduthi yenyewe, kipande kwa kipande.

Dawa ni kuendelea kulipa, safari hii ukijilipa wewe. Weka ile 8,333 kila mwezi kwa miezi 18 iliyobaki. Inakuwa 150,000. Ongeza 30,000 ya kuuza nduthi mzee, una 180,000. Bei ikiwa haijapanda, umepata mpya bila kukopa bob.

Na usicheke msee wa nduthi peke yake. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilikopa nje dola bilioni 2 kwa miaka 10, riba 6.875%. Juni 2024 ikikaribia, Februari ilibidi ikope dola bilioni 1.5 nyingine kwa 9.75% ndio ilipe sehemu kubwa ya hilo deni la zamani. Mkopo wa kulipa mkopo, na wa pili ni ghali zaidi.

Hiyo deni ya serikali ndiyo huitwa bondi. Kwao ni dhima. Kwa mwenye kuishika ni mali, na riba inaingia kwake. Mwaka 2017 kulikuwa na M-Akiba: ulinunua kwa simu kuanzia 3,000, riba 10% bila kodi, miaka 3. Kwa 3,000 ulikuwa ukipata 150 kila miezi sita. Siku hizi, tangu 2023, unajisajili DhowCSD ya Benki Kuu kwa simu, lakini bondi za kawaida zinaanzia 50,000. Bondi ya miundombinu ya Februari 2024 ililipa 18.46% bila kodi: laki moja ikizaa karibu 9,230 kila nusu mwaka. Serikali ilitaka bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya bilioni 280.

Kabla ujitupe huko na doo ya nduthi, kuna kitu kimoja. Bondi ni ya miaka. Ukihitaji pesa mapema, unauza sokoni, na kama bondi mpya zinalipa riba ya juu kuliko yako, hakuna mtu atakupa bei kamili. Yako ya 10% ikipambana na ya 18%, utaiuza kwa hasara. Doo ya injini ya mwaka ujao inafaa zaidi hati za hazina za siku 91, 182 au 364. Hizo unanunua chini ya bei yake, siku ikifika unalipwa bei kamili, na tofauti hiyo ndiyo riba yako.