Bujumbura kati ya Kigoma na Kigali

Ukiweka rula juu ya ramani, ukaanzia uwanja wa ndege wa Bujumbura, utaikuta Kigoma kilomita 175 hivi upande wa kusini. Igeuze rula kaskazini-mashariki: Kigali nayo iko kilomita hizohizo. Kwa ndege, miji yote miwili ni ya chini ya saa moja. Ila historia haijawahi kuiweka sawa.

Iliyotangulia kuwa karibu ni Kigoma, au tuseme Ujiji iliyo jirani yake. Wafanyabiashara wa pwani waliokaa Ujiji walipanda na kushuka ziwa kwa vyombo vyao, na Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kimetokana kwa sehemu kubwa na njia hiyo ya maji. Katikati ya Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kuelekea mdomo wa Rusizi, wakilala ufukoni kila jua lilipozama. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lina majina yao na tarehe 25 ya mwezi huo. Wapiga makasia hawakuandikwa. Kigali yenyewe haikuwapo bado. Mjerumani Richard Kandt aliianzisha mwaka 1907.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na hapo ziwa likawa mlango wa bahari. Wabelgiji, waliotawala Ruanda-Urundi kutoka Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, walikubaliana na Waingereza mwaka 1921 wapewe maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam. Shehena ya Usumbura ikawa inavuka kwa meli, kisha inapanda treni.

Njia ya Kigali ni ya milima. Kutoka ziwani, penye mwinuko wa mita 770 hivi, barabara hupanda hadi Bugarama, juu ya mita 2,000, ikapita Kayanza, mpaka wa Akanyaru na Huye. Zile kilomita 175 za rula zinakuwa kama 270. Basi huzimaliza kwa saa sita hivi, mpaka ukiwa wazi.

Na hilo ndilo sharti lenyewe. Baada ya uhuru wa 1962 Rwanda na Burundi zilibaki na umoja wa forodha na sarafu, ukavunjika mwaka 1964. Mwaka 1996 Pierre Buyoya alipochukua madaraka Burundi kwa mapinduzi, majirani waliiwekea nchi hiyo vikwazo hadi Januari 1999, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Hata Kigoma ikawa mbali. Mgogoro wa kisiasa wa Burundi wa 2015 uliifunga njia ya Kigali kwa miaka, ikafunguliwa 2022, ikafungwa tena Januari 2024. Anayelazimika kwenda kwa gari mpaka ukiwa umefungwa huzunguka kwa Muyinga, Kobero, Ngara na Rusumo, karibu mara mbili ya mwendo wa kawaida. Kwa maoni yangu, vibao vya kilomita barabarani huko vingefaa kuandikwa kwa chaki.

Agosti 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kwenye nikeli ya Burundi. Uvinza iko kwenye reli ileile ya kale, kabla hujafika Kigoma. Reli hiyo ikikamilika, mzigo wa Musongati utakwenda Dar es Salaam bila kugusa maji ya Tanganyika, na bandari ya Bujumbura itabidi itafute kazi nyingine, pengine na Kalemie upande wa Kongo.