Pumzi ya Injini

Msomaji, gari litokalo Embu, likapita Meru na kupanda hadi Timau, huingia katika hewa nyepesi ya Mlima Kenya, na injini hupungukiwa nguvu. Dawa yake iligunduliwa zamani. Mwaka 1905 Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alibuni njia ya kuufanya moshi wa injini uzungushe gurudumu lisukumalo hewa ndani yake. Mwaka 1918 Sanford Moss akaijaribu turbo ya namna hiyo juu ya Pikes Peak, Marekani, yapata mita 4,300. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 katika usawa wa bahari ilitoa 230 tu kileleni. Ilipotiwa turbo ikatoa 356.

Lakini bomba likivuja, faida hiyo hupungua. Basi fundi mwenye busara huizima injini, huziba mdomo wa bomba la hewa, hutia upepo kidogo wa pampu, kisha hupaka maungio maji ya sabuni. Povu linapofura ndipo penye tundu. Usiulaumu mlima kabla hujalikagua bomba: usipoziba ufa, utajenga ukuta.