Walipoiona Ngama

Alfajiri ya siku ya pili ya safari yetu, jahazi likiwa limetia nanga upande wa kisiwa cha Manda, Lamu, baharia aliinua ubao wa katikati, akashuka chini na kuanza kufua maji. Msichana mmoja wa kundi la wanafunzi kutoka bara niliosafiri nao akamchungulia.

“Mjomba, unafua nini na hakuna nguo?”

“Nafua maji ya ngama.”

Akanyamaza kidogo, kisha akawaamsha wenzake waliokuwa wamelala sitahani. Ngama! Ile ya methali!

Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo wameikariri darasani miaka na miaka, wakaambiwa maana yake ni kurudi nyumbani, wakapata alama. Lakini ngama si nyumba. Ni tumbo la chombo, pale chini kabisa. Maji yakipenya kwenye omo mbele au kwenye tezi nyuma, yote huteremka humo na kumngoja mwenye kuyatoa. Asubuhi ile methali ilikuwa na harufu ya maji ya chumvi yaliyolala.

Na hilo neno kufua! Tunafua nguo, tunafua chuma, tunafua nazi, na chomboni tunafua maji. Kubisha nako ni vivyo hivyo. Adhuhuri upepo ulitukabili, nahodha akasema tutabisha, na vijana wakadhani kuna ugomvi. Chombo kinachobisha hukata upepo kwa pembe, mara upande huu mara ule, kikisogea mbele kidogo kidogo. Mimi tangu siku hiyo siwezi kusikia watu wakibishana bila kuliona tanga.

Tukielekea Pate tulipita Mkanda, ile njia nyembamba ya maji kati ya Manda na bara, mikoko ikiwa imesimama huku na huku. Ilibidi kungoja maji yajae. Mvulana mmoja aliuita mto, na sikumlaumu, maana kwa macho ni mto kweli. Ila mto huteremka upande mmoja. Haya maji huja na kurudi, na watu wa Lamu wameyapa jina la kitu kinachofungwa kiunoni.

Ndiyo maana huniuma ninaposoma kitabu cha shule kinachosema “sehemu ya mbele ya meli” ilhali omo ipo, au “mbavu za mashua” ilhali mafundi wa kijiji cha Matondoni wanasema mataruma kila siku. Anayetunga istilahi na akae kwanza na fundi. Mwaka 2018 Ali Skanda na mafundi wenzake walishusha majini hapa Lamu Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililovikwa rangi za kandambili zilizotupwa. Mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja, likitua njiani na kuwafundisha watoto wa shule habari za taka za baharini. Mbao hazikuwamo, lakini mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ulibaki mkuku na mataruma yakabaki mataruma. Msamiati wa maseremala haukuhitaji kubadilishwa hata neno moja ili kuipokea malighafi mpya.

Lakini maneno mengine yanatoroka. Jioni ya mwisho, daftari zikiwa wazi, msichana yule alimwuliza baharia jina la kile chombo cha kufulia maji. Kilikuwa mtungi wa plastiki uliokatwa nusu.

“Kopo tu,” akajibu.

Nikawaambia kwamba zamani, kilipokuwa cha mti, kiliitwa upo. Baharia alilitamka taratibu, upo, kama mtu anayejaribu ufunguo. Msichana akaandika yote mawili, kopo na upo, kisha akaomba naye ashuke kufua.