Kwenda Sokoni Katika Siku za Korona

Katika mwaka wa 1902 Nairobi ulikuwa mji mchanga wa mabati na matope. Reli ilikuwa imefika hapo miaka mitatu tu iliyotangulia. Mwaka huo tauni ilizuka katika soko la Wahindi, ambako wenyeji wengi walijipatia mahitaji yao ya kila siku, na daktari wa serikali akaamuru soko litiwe moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya siku zile. Wakubwa wa mji wakiogopa maradhi, aghalabu soko ndilo wanalolitazama kwanza, kwa kuwa hapo ndipo mikono ya watu wasiojuana hukutana juu ya bidhaa na fedha.

Miaka 118 baadaye mji huo huo, pamoja na nchi nzima ya Kenya, ulipata mtihani mwingine wa namna hiyo. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza ya kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana nchini. Safari hii soko halikuchomwa. Watu waliambiwa wakae nyumbani, na wakitoka watoke kwa haja ya lazima. Shauri hilo lilikuwa jema kwa afya ya mwili, lakini lilimtaka mtu anunue leo chakula cha juma zima. Lilikuwa shauri la nyumba yenye ghala, na nyumba nyingi za Kenya hazina ghala. Kwa hiyo safari ndogo ya kwenda dukani, ambayo vitabu vya historia huipita bila ya kuitupia jicho, iligeuka kuwa jambo zito, na yafaa tuitazame kwa makini. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo wakati ule, na yumkini ninyi ndio mliokuwa mkitumwa.

Wenye fedha walikimbia kwanza. Jioni ile ile ya tangazo maduka makubwa ya Nairobi yalijaa watu waliosukuma vigari vya unga, mchele, sabuni na karatasi za msalani. Dawa ya kutakasia mikono ikaadimika mara moja, na bei yake ikapanda hata mamlaka ya kusimamia ushindani wa biashara ikaliamuru duka moja kuu liwarudishie wanunuzi fedha walizotozwa kupita kiasi. Mambo hayo yalionekana sana katika magazeti. Lakini watu hao walikuwa wachache.

Watu wengi wa mijini hawakuweza kukimbilia kitu. Hesabu za serikali za mwaka uliotangulia, mwaka wa 2019, zaonyesha ya kuwa kati ya kila watu 100 wenye kazi, ukiacha wakulima wadogo, kama 83 walikuwa katika kazi za jua kali, uchuuzi na vibarua. Mtu wa namna hiyo hupata ujira wake jioni na kuutumia jioni hiyo hiyo. Hununua mafuta ya kupikia yaliyopimwa kwa kikombe kidogo, sukari robo kilo, mahindi gorogoro moja, sukuma wiki fungu moja lililokwisha kukatwakatwa tayari kwa sufuria. Biashara hiyo watu wameiita kadogo. Msomaji asiidharau. Mtu anunuaye kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anunuaye gunia, naye ajua hivyo. Ila bei ya gunia hana. Kumwambia mtu huyo aende sokoni mara moja kwa juma ni sawa na kumwambia ale mara moja kwa juma.

Kisha ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Ilianza tarehe 27 Machi 2020, tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Watu waliiita kafyu, na wazee wa Kenya ya kati hawakuhitaji kufundishwa neno hilo, maana walikuwa wamelijua tangu siku za Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Kusudi la amri lilikuwa kupunguza mikutano ya watu. Lakini tuangalie ilivyolipata soko.

Mama mboga ana saa mbili za faida katika siku yake. Ya kwanza ni kabla ya mapambazuko, anapofika katika soko la jumla, mathalani lile la Wakulima mjini Nairobi, ambalo wenyewe huliita Marikiti, ili achague mali ingali mbichi na bei haijapanda. Ya pili ni baada ya magharibi, wafanyakazi wanaposhuka kwenye matatu na kupita kibandani wakielekea nyumbani. Mchana huuza kidogo sana. Basi kafyu ilimkata ncha zote mbili, ikamwachia katikati, yaani ule mchana usiokuwa na wanunuzi. Tena wanunuzi wenyewe, ambao zamani walijigawa tangu saa kumi na moja hata saa tatu za usiku, sasa walilazimika kununua wote pamoja kabla ya saa moja. Matatu ya abiria 14 iliamriwa ichukue 8 tu, nauli ikapanda, na wengi wakatembea kwa miguu na kuchelewa zaidi. Matokeo yake ni kwamba saa kumi na mbili jioni njia za mitaa zilikuwa na msongamano kuliko zilivyopata kuwa kabla ya maradhi. Amri iliyotungwa ili kuwatawanya watu iliwakusanya. Mombasa jambo hilo lilionekana siku ya kwanza kabisa: watu waliotoka kazini walisongamana kwenye kivuko cha Likoni wakitaka kuvuka mapema, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi na kuwapiga kabla saa yenyewe haijafika. Walikuwa wakienda makwao, kama walivyoamriwa.

Sisemi kwamba amri ile haikuwa na sababu. Madaktari walikuwa na hofu ya kweli, na vitanda vya wagonjwa mahututi nchini vilikuwa vichache. Nasema tu ya kuwa aliyeiandika alikuwa akifikiri juu ya saa za ofisi.

Badiliko jingine lilihusu fedha yenyewe. Tangu mwaka wa 2007 Wakenya walikuwa wakitumiana fedha kwa simu kwa njia ya M-Pesa, lakini kwa manunuzi madogo wengi walishika sarafu, kwa kuwa kila utumaji ulikuwa na ada. Nani atatoa ada ili anunue nyanya? Katikati ya Machi 2020, baada ya mashauri kati ya serikali, Benki Kuu na makampuni ya simu, ada hiyo iliondolewa kwa kila fedha isiyozidi shilingi 1,000, na ikakaa imeondolewa hata mwisho wa mwaka huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza kushika noti zinazopita mikononi mwa wengi. Mama mboga ambaye hapo kwanza hakutaka kusikia habari ya kulipwa kwa simu, sasa aliandika nambari yake kwa chaki kwenye ubao wa kibanda.

Hapo kazi ya mtoto anayetumwa ikabadilika pia. Zamani mtoto alipewa noti na kukumbushwa mara tatu asisahau chenji, naye akiwa mwerevu alijua namna ya kuipunguza chenji hiyo kwa peremende moja. Sasa alifungwa barakoa, akaenda mikono mitupu, na mama yake akalipa kwa simu akiwa nyumbani. Mwenye duka alingoja ujumbe uingie, kisha akatoa mkate. Peremende ikapotea katika historia bila ya mtu kuiandikia tanzia.

Katika mtaa niliokaa wakati ule palikuwa na duka dogo ambalo, kama mengi ya namna yake, lilikuwa na wavu wa chuma mbele, uliowekwa miaka mingi kabla kwa kuogopa wezi. Mwanamke mwenye duka aliugeuza wavu huo kuwa kinga ya maradhi. Akafunga kamba hatua mbili mbele yake, akaweka mtungi wa plastiki wenye bomba na kipande cha sabuni ndani ya soksi, na kando yake beseni la maji ya sabuni ambamo tulitumbukiza sarafu zetu kabla hajazigusa. Alifanya hayo yote pasipo kungoja afisa yeyote. Lakini kitu kilichonishughulisha zaidi kilikuwa daftari lake la madeni. Mwezi wa Machi lilikuwa moja. Kufikia Julai lilikuwa la tatu. Majina yaliyokuwemo hayakuwa ya walevi na wazembe. Yalikuwa ya wapishi wa hoteli zilizofungwa, makondakta, mafundi, na walimu wawili wa shule za binafsi ambao mishahara yao ilikatika shule zilipofungwa. Jina langu nalo liliingia humo katika Juni, juu ya kilo mbili za unga. Mwanahistoria atakayepata kukusanya madaftari ya namna ile atajua habari za mwaka wa 2020 kuliko atakayesoma hotuba.

Palikuwa na mahali ambapo hata duka la kukopa lilifungwa. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilizuia watu kuingia wala kutoka katika Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa, na zuio hilo likadumu hata mwanzo wa Juni. Eastleigh ni ghala la nguo ambalo wachuuzi hulifuata kutoka kila upande wa nchi na ng'ambo ya mipaka yake. Tena ulikuwa mwezi wa Ramadhani, wakati ambao wazazi huwanunulia watoto nguo za Idi, na wenye maduka huuza katika majuma mawili faida ya miezi mingi. Mwaka huo Idi iliwakuta watu ndani ya vizuizi na maduka yamefungwa.

Na wengine waligeuka wauzaji ambao hapo kwanza walikuwa wanunuzi. Kandokando ya barabara kuu za Nairobi magari ya watu binafsi yalionekana yamesimama, buti zimefunguliwa, ndani yake mayai, vitunguu, machungwa na viazi. Wenye magari hayo walikuwa watu waliopoteza kazi za ofisini. Baadhi yao walivaa barakoa na kuivuta kofia chini, na sababu haikuwa jua. Mama mboga wa kibanda alisimama ng'ambo ya barabara akiwatazama washindani wake wapya, wenye mizani mpya na magari. Sijui kama alikasirika au alicheka.

Saa za kafyu zilipunguzwa katika Juni 2020, zikaanza saa tatu usiku. Amri yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Katika Januari 2021 ada ya simu ilirudi kwa fedha zinazozidi shilingi 100, lakini nambari za chaki hazikufutwa. Wengi walizirudia kwa rangi. Lile duka la wavu lingalipo. Kamba ilikwisha kuondolewa, na mtungi wa maji, ambao bomba lake lilivunjika, umejazwa udongo na kupandwa sukuma wiki. Nilipomwuliza mwenye duka juu ya daftari la tatu, alisema ya kuwa bado lina kurasa nne zisizolipwa, naye amelifungia kabatini.