Karagwe na Kyerwa: Siasa ya Mibuni na Mpaka

Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2000, Jimbo la Karagwe, mkoani Kagera, lilimpeleka bungeni Sir George Kahama wa CCM, mzee aliyekuwa waziri tangu enzi za uhuru. Jirani zao wa Kyerwa, waliokuwa bado ndani ya wilaya hiyohiyo, wakamchagua Benedicto Mutungirehi wa TLP, chama cha Augustine Mrema. Wakulima ni walewale, Wanyambo kwa sehemu kubwa, na zao lao kuu la biashara ni kahawa. Kura zikaenda pande mbili.

Anayetaka kuielewa siasa ya huku asianzie kwenye vyama. Aanzie kwenye mibuni na mpaka.

Karagwe ilikuwa dola kabla ya kuwa wilaya. Watawala wake, Wahinda, walikaa Bweranyange, na wapelelezi Speke na Grant walipofika huko mwaka 1861 kwa Mukama (mfalme) Rumanyika walikuta wafanyabiashara wa pwani wamekwishapiga kambi Kafuro, jirani na ikulu. Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na makao Tabora, alikuwa amemsaidia Rumanyika katika ugomvi wa kiti na ndugu yake Rogero. Kwa hiyo mkono wa mfanyabiashara katika siasa za Karagwe si jambo la jana.

Wakoloni waliiweka Karagwe chini ya Bukoba, na kahawa nayo ikaendeshwa kutoka Bukoba. Huko ndiko kulikozuka ghasia za mwaka 1937, wakulima walipozikataa kanuni za serikali kuhusu mibuni yao. Ushirika ulipopata nguvu miaka ya 1950, meneja wa chama kikuu cha Bukoba, BNCU, alikuwa kijana Kahama. Njia yake ya kuingia serikalini ilipita kwenye maghala ya kahawa. Machifu waliondolewa mwaka 1963, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya themanini. Mwaka 1990 wakulima wa Karagwe wakapata chama kikuu chao wenyewe, KDCU. Naihesabu hatua hiyo kuwa kubwa kuliko uchaguzi wowote uliofanyika hapa, maana kwa mara ya kwanza kahawa yao haikuuzwa kwa jina la Bukoba.

Lakini ushirika una adui mmoja ambaye mkulima anamjua kuliko waziri yeyote: butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini. Mwezi Januari shule zinafunguliwa, ada haipo, au kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Nyakahanga. Buni ingali maua au vitumba. Mwenye fedha anafika shambani, anaitazama miti, anataja kiasi, na mavuno yanakuwa yake kabla hayajaiva. Msimu ukifika, mwenye shamba anachuma, anaanika na kufunga magunia ya kahawa ambayo si yake tena. Mara nyingi mama aliyepalilia hakuulizwa, kwa kuwa kahawa huhesabiwa kuwa mali ya baba. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, lakini marufuku hailipi ada.

Kisha kuna Uganda. Ukifika Murongo, Mto Kagera ndio unaokutenganisha na soko jingine, ambako mara nyingi bei imekuwa nzuri na fedha hutolewa papo hapo. Serikali inaita magendo. Mkulima aliyesubiri malipo ya pili ya ushirika miezi mingi ana haki ya kuuliza kwa nini jasho lake lilindwe na polisi. Mbunge yeyote wa Kyerwa lazima alijibu swali hilo, na mwaka 2000 lilikuwa kali, ingawa mwaka 2005 jimbo lilirudi CCM kwa Eustace Katagira.

Mpaka huohuo umeleta watu: wakimbizi wa Rwanda tangu mwanzoni mwa miaka ya sitini, na wengine wengi mwaka 1994, mbali na familia zilizotoka Uganda na Burundi kutafuta ardhi. Wamelima, wameoana, wamezaa. Ndiyo maana Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, iliacha jeraha. Swali la nani raia liliingia hadi ndani ya kaya, na nasikitika kwamba wakati wa uteuzi wa wagombea bado hutumika kama fimbo.

Kyerwa ilipata wilaya yake mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo iliikuta na watu 321,026, na Karagwe 332,020. Madiwani waligawana magari na ofisi, lakini KDCU ilibaki moja. Tangu mwaka 2015 mbunge wa Karagwe ni Innocent Bashungwa, aliyeshika wizara kadhaa, na Kilimo aliingia kama naibu waziri mwaka 2018. Siku hizi kahawa inauzwa kwa mnada kwenye vyama vya msingi, mkulima akisikia bei kwa masikio yake. Ugomvi sasa umehamia kwenye makato ya malipo ya mkulima, na wa Karagwe na wa Kyerwa wanaugomba pamoja.